Rupia ya dhahabu ya Tabora: ipime kabla hujaitolea hela

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni kijana wa Mwanga hapa Kigoma, nafanya biashara ya dagaa na mawese. Kuna mtu amenitumia kwa WhatsApp picha za rupia ya dhahabu ya Mjerumani ya 1916. Anasema iligongwa huko kwenu Tabora, aliachiwa na babu yake aliyekuwa askari. Anataka milioni nne. Ana cheti chenye muhuri wa Benki Kuu, kimeandikwa uzito gramu 11.6. Amenipa na namba ya mnunuzi wa Dar es Salaam ambaye yuko tayari kutoa milioni thelathini. Nimeongea naye, kweli anaitaka. Ana na rupia za fedha sita, moja anadai inavuta punje za mchele. Anasema nitume laki tano ya kishika uchumba asije akampa mtu mwingine. Nitajuaje kama ni ya kweli?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hiyo laki tano usiitume. Usiitume leo, usiitume kesho, wala usiitume hata akikupigia usiku kukwambia kuna mtu wa Kasulu yuko njiani na fedha taslimu. Nimelitanguliza hilo kwa sababu pengine simu umeshaishika. Mengine tutayapanga taratibu.

Sarafu uliyotajiwa ipo kweli duniani, na hapo ndipo wengi wanaponasa. Mtu akikuuzia kitu ambacho hakijawahi kuwepo, ukiulizia watu wawili watatu utaambiwa ni uongo na habari imeisha. Lakini akikuuzia jina la kitu cha kweli, kila utakayemuuliza atakujibu, "Eee, hiyo ni mali, usiiache," nawe unarudi kwake umeshalainika. Umeulizia sarafu ya watu wengine, ile ya kwake hakuna aliyeiona.

Ya kweli ina habari hii. Mwaka 1916 Mjerumani alikuwa amebanwa. Manowari za Waingereza zilikuwa zimefunga pwani, sarafu mpya hazikuweza kuja kutoka Ulaya, na noti za dharura zilizochapwa humu nchini watu walikuwa wanazitilia shaka. Askari na wapagazi wanataka kulipwa kitu kinacholia mfukoni. Serikali ya Gavana Heinrich Schnee ilikuwa imeshahamia Tabora. Dhahabu ya mgodi wa Sekenke, kule Iramba katika mkoa wa Singida wa leo, ikaletwa hapa, na kwenye karakana ya reli zikagongwa sarafu za rupia 15. Hesabu inayojulikana ni sarafu 16,198 tu. Wabelgiji walipoingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916 kazi hiyo ilikuwa imekwisha. Kwa hiyo hakuna ya 1915, hakuna ya 1917, na hakuna ya rupia 10 wala 20. Ukiletewa rupia ya dhahabu ya Mjerumani yenye mwaka mwingine, mrudishie mwenyewe hapo hapo.

Upande mmoja yuko tembo aliyeinua mkonga, nyuma yake mlima, chini mwaka 1916 na herufi T, yaani Tabora. Upande wa pili yuko tai wa Kaiser, yaani mfalme wa Ujerumani, na maandishi DEUTSCH OSTAFRIKA na 15 RUPIEN, pamoja na nakshi za mapambo. Nakshi hizo wakusanyaji wanazijua vizuri, maana muhuri wa kugongea haukuwa mmoja. Kuna sarafu ambazo nakshi ya kulia inaishia chini ya T ya neno OSTAFRIKA, ndizo nyingi, 9,803. Na kuna ambazo inaishia chini ya A ya kwanza, hizo ni 6,395. Muulize muuzaji yake ni ipi. Si lazima ajue, lakini mwombe picha ya karibu ya sehemu hiyo tu. Mwenye sarafu mkononi ataipiga dakika hiyo hiyo. Aliyeokota picha mtandaoni ataanza kukwambia chaji imeisha.

Sasa tazama cheti chako. Rupia 15 ya Tabora ina uzito wa gramu 7.17 na upana wa milimita 22 hivi, dhahabu yake ni sehemu 750 katika 1,000. Cheti kinasema gramu 11.6. Unajua huo ni uzito wa nini? Ni uzito wa rupia moja ya fedha, ile ya kawaida yenye kichwa cha Kaiser, ambayo ni gramu 11.66. Aliyetunga cheti alitafuta "uzito wa rupia ya Mjerumani", akakuta wa fedha, akaunakili. Kwa kosa hilo moja tu, mimi nisingefunga safari ya kwenda kuiona.

Tena huo muhuri. Benki Kuu ya Tanzania ilianza kazi mwaka 1966, nusu karne baada ya sarafu hizi kugongwa, na kazi yake ni shilingi yetu. Kuthibitisha rupia za Mjerumani za watu binafsi si kazi yake. Cheti cha karatasi, hata kiwe na mihuri mitano na picha ya pasipoti, hakithibitishi sarafu, kwa sababu hakijafungwa nayo. Leo kinaweza kukaa na hii, kesho na nyingine. Wanaothibitisha sarafu kwa kazi, kama NGC na PCGS za Marekani, huifungia ndani ya kasha gumu la plastiki lenye namba, na namba hiyo unaitazama kwenye tovuti yao. Hata hapo usiridhike na namba peke yake, makasha nayo yanaigizwa. Ikiwepo picha ya sarafu kwenye tovuti, ilinganishe mkwaruzo kwa mkwaruzo na iliyo mkononi mwako.

Tuseme basi amekubali kuileta Kigoma, mkakutana. Mkutane kwa sonara unayemchagua wewe, mchana, na uwe na mwenzako. Kabla ya kitu chochote ipimwe uzito. Gramu 7.17, ikipungua kidogo kwa kuchakaa sawa, ikiwa 6.3 au 8 hakuna mjadala. Kisha ipimwe majini. Kipimo hiki kinadharauliwa kwa sababu hakina mashine kubwa, lakini ndicho ninachokitegemea kuliko vyote, na hakiachi hata alama kwenye sarafu.

Weka bilauri ya maji juu ya mizani ya sonara, ile inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, na maji yasifike juu kabisa. Rudisha mizani kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, itumbukize hadi izame yote, uishike uzi ili sarafu isiguse chini wala ubavuni. Tingisha kidogo vipovu vya hewa viondoke. Mizani itaonyesha namba, nayo ni uzito wa maji ambayo sarafu imeyasukuma. Dhahabu ya Tabora ya gramu 7.17 itakupa karibu 0.47. Shaba ya njano ya uzito huo huo iliyochovywa dhahabu itakupa karibu 0.84, mara mbili kasoro kidogo. Risasi iliyochovywa itakupa 0.63 hivi. Namba hizo zimeachana mbali mno, hata mkono ukitetemeka kidogo huwezi kuzichanganya. Rudieni mara tatu, na namba aisome mwenzako.

Pale Kigoma au hapa Tabora unaweza kusikia mtu akisema, "Twende tukaipige mashine ya madini." Masoko ya madini yaliyoanza kufunguliwa mwaka 2019 yametuzoesha mashine ya eksirei inayosoma dhahabu ni asilimia ngapi, na ni kifaa kizuri. Lakini inasoma ngozi ya juu. Kitu kilichochovywa vizuri kinaweza kuipita huku ndani ni shaba tupu. Maji yanapima sarafu nzima mpaka moyoni. Fanya vyote viwili ukiweza, ukiweza kimoja tu, chukua maji. Asidi na jiwe la kusugulia usikubali kabisa: ikiwa ya kweli, mmeshaiharibu.

Uzito na maji vikikubali bado hujamaliza, maana nakala za dhahabu nazo zipo. Mtu anaweza kuchukua dhahabu ya gramu saba, akaimimina kwenye kalibu, akauza kwa bei ya kitu cha kale. Hapo ndipo jicho linafanya kazi. Chukua kioo cha kukuzia, kile cha fundi saa kinatosha, na uiweke sarafu chini ya mwanga unaotoka pembeni. Sarafu ya kweli iligongwa kwa muhuri wa chuma, kwa hiyo kingo za herufi zinapanda ghafla kutoka kwenye uso wa sarafu, zina makali. Iliyomiminwa herufi zake zimelainika kama sabuni iliyotumika, na kwenye uwanda mtupu kuzunguka tembo utaona vitundu na vipele vidogo vidogo, ni hewa iliyonaswa wakati chuma kinapoa. Tazama ukingo: kuna mstari unaouzunguka, au alama za tupa iliyotumika kuufuta mstari huo?

Utaambiwa, "Mzee, hizi zilitengenezwa karakana ya reli wakati wa vita, lazima ziwe mbaya mbaya." Hilo lina ukweli ndani yake na ndiyo maana linapita. Ni kweli za Tabora hazikugongwa kwa ulaini wa Berlin. Lakini sarafu iliyogongwa hafifu inakosa mistari sehemu zilizoinuka, labda sikio la tembo au manyoya ya tai, huku uwanda wake ukiwa safi. Vitundu na vipele vilivyotapakaa kila mahali havitoki kwenye kugonga. Vinatoka kwenye kalibu.

Na ukiletewa mbili, furahi, zitakusaidia. Ziweke pamoja utafute kasoro. Ukikuta mkwaruzo ule ule, mahali pale pale, kwenye zote mbili, zimetoka kwenye kalibu moja iliyochukuliwa kwa sarafu moja yenye mkwaruzo. Sarafu mbili zilizopita mikono ya watu tofauti miaka mia moja haziwezi kupata jeraha moja.

Kuna mtego mwingine ambao hapa Tabora nauona zaidi ya nakala zenyewe, na ndani yake hamna sarafu feki hata moja. Karakana hiyo hiyo, mwaka huo huo wa 1916, iligonga sarafu za shaba za heller 5 na heller 20, heller ikiwa ndiyo senti ya rupia, nazo zina herufi T. Upande mmoja zina taji, herufi DOA na mwaka, upande wa pili thamani yake. Shaba ilikuwa ya kuokoteza, pamoja na maganda ya mizinga. Za heller 20 ziligongwa nyingi sana na mpaka leo zinapatikana, bei yake ni ndogo. Sasa mtu anaisugua ya shaba ya njano kwa limau na majivu mpaka inameta, anamletea mgeni na kumwambia, "Soma mwenyewe: 1916, T, Tabora. Ingia mtandaoni utazame bei." Mgeni anaingia, anakuta bei ya ile ya tembo, anatoa pesa. Kila alichoonyeshwa kilikuwa kweli, ila hakusoma neno HELLER. Hakikisha unamwona tembo kwa macho yako, usome RUPIEN kwa macho yako.

Tuje kwenye zile sita za fedha. Hizi zinawezekana kabisa kuwa za kweli, kwa sababu mikoa yetu hii ilikuwa njia ya misafara na baadaye reli, na rupia ziliingia majumbani mwa watu wengi. Rupia moja ni gramu 11.66, fedha sehemu 917 katika 1,000, na ukingo wake una michirizi. Majini itakupa 1.13 hivi, nakala za shaba na nikeli zenye uzito huo zitapita 1.3. Weka sumaku karibu: fedha haivutwi, dhahabu haivutwi, shaba haivutwi, kwa hiyo ikinata ni chuma kilichopakwa rangi. Za mwanzo, kuanzia 1890, zilitolewa na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Kuanzia 1904 zikawa za serikali, zikiwa na herufi ndogo A kwa zilizogongwa Berlin na J kwa za Hamburg. Za mwisho za fedha ni za 1914. Kwa hiyo katika hizo sita, ikiwemo yenye mwaka 1915 au 1916, iondoe kabla ya kuweka mizani mezani.

Mwaka, lakini, usiutegemee kwa kila sarafu. Huko Ujiji unaweza kuonyeshwa riale kubwa ya fedha yenye picha ya mwanamke mnene na mwaka 1780, ukaambiwa ilizikwa na misafara ya pembe za ndovu. Hiyo ni riale ya Maria Theresa. Wafanyabiashara wa upande wetu huu wa dunia waliizoea hivyo hivyo ilivyo, basi ikaendelea kugongwa na mwaka ule ule wa 1780 mpaka nyakati zetu. Inaweza kuwa fedha halali, gramu 28 na ushee, na bado ikawa imegongwa ukiwa umeshazaliwa. Lipia fedha iliyomo, usilipie misafara.

Ya kuvuta mchele nitaisema kwa kifupi. Hakuna sarafu inayovuta mchele, iwe ya Mjerumani, ya Mwarabu au ya nani. Mchezo huo unafanyika kwa punje zilizopakwa unga wa chuma na sumaku iliyofichwa kwenye pete au chini ya kitambaa. Nenda na mchele wa jikoni kwako kwenye karatasi, uumwage wewe, uone kama utasogea. Anayekutajia mchele, au zebaki nyekundu, au ramani ya hazina iliyofukiwa na Mjerumani, ameshakwambia yeye ni nani. Na hao wa ramani wakikutaka uchangie uchimbaji, jua kwamba kuchimba kutafuta masalia ya kale bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Utapoteza hela na kesi juu.

Linaloniumiza zaidi katika barua yako ni yule mnunuzi wa Dar es Salaam. Umeandika "nimeongea naye, kweli anaitaka", na naona ndiye aliyekutuliza moyo kuliko picha zote. Namba yake umeipata wapi? Kwa muuzaji. Mwenye sarafu ya kuuza milioni thelathini, na anayo namba ya mtu wa kutoa milioni thelathini, kwa nini akuuzie wewe kwa nne? Watu hao wawili ni kundi moja. Kazi ya yule wa Dar es Salaam ni kukuonjesha faida ili usifikirie sarafu tena, ufikirie zile ishirini na sita zitakazobaki. Ukishatuma laki tano, muuzaji atapata dharura, atataka nyingine ya usafiri, nyingine ya kibali. Siku ukilipa yote, simu zote mbili hazipatikani. Wamepigwa hivyo walimu, wauguzi, wachimbaji wa Nzega, wafanyabiashara wazoefu kukushinda. Hakuna aliyepigwa kwa sababu ya ujinga. Walipigwa kwa sababu waliambiwa wawahi.

Kwa hiyo muuzaji umjibu hivi, kwa adabu: "Kaka, niko tayari. Ilete Kigoma, tutaipima kwa sonara, ikikubali nakulipa pale pale, na gharama ya kupima ni yangu." Usiongeze neno. Mtu mwenye mali hatakataa sharti hilo, maana halimgharimu kitu. Akikataa, au akikasirika, au akisema sonara ataisambaza siri, umeshapata jibu la swali lako bila kutoa shilingi. Ujumbe wake wote, picha na namba zote mbili usizifute. Namba zitume kwenda 15040, ndiyo namba ya kuripoti matapeli wa mitandaoni, kisha nenda polisi na simu yako. Kujaribu kujipatia fedha kwa udanganyifu nako ni kosa hata kama wewe hujawahi kutoa, na huenda kuna mwenzako ambaye wanaongea naye sasa hivi.

Na kama kweli atakuja, zile za fedha usimruhusu azisafishe kwanza. Dawa ya meno, limau, majivu, vyote vinaiondolea sarafu ngozi yake ya kale na bei yake pamoja. Zipime zikiwa nyeusi hivyo hivyo. Kisha niandikie kwa kila moja: uzito hewani, namba iliyotoka majini, mwaka, na herufi ndogo kama ipo. Nitakwambia ipi ya kuchukua na ipi ya kumwachia.